Mchaichai Uvuke Baridi ya Minnesota

Mama zangu, ndugu zangu, karibuni. Ndoo hii ya mchaichai nimeileta makusudi muione. Imeshavuka majira sita ya baridi hapa Minneapolis, Marekani, sebuleni kwangu.

Kosa letu kubwa ni kungoja. Jalidi, yaani umande unaoganda juu ya majani, aghalabu hutufikia mwanzoni mwa Oktoba. Usiingoje. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, chimbua kichaka kizima. Kipasue, kila pande libaki na vishina vinne au vitano vyenye mizizi, kisha kata majani uache kama sentimita 15. Inauma, najua. Lakini mizizi iliyokatika haiwezi kulisha majani yote yale. Yafunge vifundo, uyaweke kwenye friza. Chai yako hiyo.

Pande ukishalipanda kwenye chungu, kabla ya kukiingiza ndani, osha vishina kwa maji yenye sabuni kidogo. Vidukari na utitiri wakiingia na mmea, ndani hakuna mvua ya kuwapunguza.

Sasa nisikilizeni hapa. Desemba mchana wetu haufiki saa 9 kwa urefu; nyumbani tulizoea kama 12. Mmea uliokosa mwanga hunywa maji kidogo sana. Sisi tunauonea huruma, tunaumwagilia kila siku kama tuko Tanga mwezi wa kwanza, na mizizi inaoza. Mchaichai wangu wa kwanza niliuua hivyo hivyo, na nililia. Chomeka kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Ukigusa unyevu, rudisha kopo. Uweke kwenye dirisha linalotazama kusini, mbali na tundu la hita. Majani machache yakigeuka manjano, yaache, umepumzika.

Mrehani usihangaike kuuchimbua. Kata ncha za sentimita 10, zitie kwenye glasi ya maji. Wiki moja au mbili zina mizizi. Ukishazipanda, ziwashie taa ya LED saa 14 kwa siku. Rozmari yenyewe hupenda chumba cha baridi chenye mwanga, na udongo wake usikauke kabisa.

Mwishoni mwa Mei mimea yote itoeni nje, wiki ya kwanza kivulini, maana jua la ghafla huyaunguza majani.

Haya, nipeni kisu. Tuipasue ndoo hii, kila mmoja aondoke na pande lake.