Jiji Kati ya Brashi na Patasi

Ndugu wasikilizaji, gazeti la Illustrated London News lilipotoka mara ya kwanza, tarehe 14 Mei 1842, lilibeba picha ya Hamburg ikiteketea. Moto ulikuwa wa kweli, ila mchoraji hakuuona. Ilichukuliwa picha ya zamani ya jiji hilo kutoka British Museum, ikaongezwa miali, moshi na watazamaji. Toleo hilo liliuza nakala 26,000.

Miaka 30 baadaye gazeti hilohilo lilimtuma William Simpson, mzaliwa wa Glasgow, hadi Beijing kuchora harusi ya Tongzhi, mfalme wa China. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo: alishachora vita vya Crimea na ufunguzi wa Mfereji wa Suez. Oktoba 1872 msafara wa bibi harusi ulipita usiku, na wakazi walikuwa wameamriwa wajifungie ndani. Simpson akajibanza katika duka kando ya njia, akachungulia. Safari hii mchoraji alikuwepo, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Hata hivyo, msomaji wa London hakuipata kazi ya mkono wake moja kwa moja. Rangi za maji zilimfaa msafiri kwa kuwa ni nyepesi kubeba na hukauka upesi, lakini mashine ya gazeti ilitaka ubao uliochongwa. Mchoro ulinakiliwa kinyumenyume, kulia kukawa kushoto, juu ya mti mgumu sana wenye shina jembamba. Kwa wembamba huo, picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa skrubu. Vikishachorwa vilifunguliwa, kila mchongaji akapewa chake, wakakesha wakichonga kwa patasi ndogo, kisha vikaunganishwa tena. Hivyo anga moja ya jiji ilipita mikononi mwa watu wasiowahi kulikanyaga. Ukiutazama ukurasa wa gazeti kwa makini, mara nyingine utaona mstari mweupe mwembamba ukikata mawingu: hapo ndipo vipande vilipokutana. Na rangi, bila shaka, zilibaki nyuma.

Ndiyo maana wengi hukimbilia picha ya rangi wakiamini ndiyo shahidi wa kwanza. Tuwe waangalifu. Simpson alizoea kuchora haraka papo hapo, kisha kurudia mchoro uleule kwa utulivu baadaye. Basi picha nzuri ya rangi iliyotundikwa ukutani yaweza kuwa changa kuliko ile nyeusi ya gazetini.

Kwa Beijing suala hili lina uzito wa pekee, kwani sehemu kubwa ya kuta zake ilibomolewa karne ya 20. Makumbusho yanapoonyesha michoro ya namna hii, naomba yaandike miaka yote miwili chini ya picha: mwaka mchoraji aliposimama mahali pale, na mwaka alipoikamilisha.