Kuchagua Baiskeli ya Barabara kwa Safari ya Kila Siku Mombasa

Waheshimiwa wazee, mama zetu, ndugu zangu na vijana, nawashukuru kwa kuuacha upepo wa baraza jioni hii mkaja kunisikiliza. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua baiskeli ya barabara, yaani ile nyepesi yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, kwa mtu ambaye hana nia ya kushindana na yeyote ila anataka kutoka Bamburi, Mikindani au Likoni akafika kazini kisiwani na kurudi, siku tano au sita kwa wiki, bila ya mwili wake kumlalamikia. Nitalisema mapema ninaloliamini, ili mpate kunipima kwalo: starehe ya baiskeli ya namna hii imo katika vitu viwili ambavyo mnunuzi wa kwetu huvitazama mwisho, navyo ni vipimo vya fremu na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya tairi. Rangi, jina la kiwanda na unene wa kiti vyote hufuata nyuma.

Niliyajua haya kwa kuumia. Baiskeli yangu ya kwanza ya aina hii niliinunua ya mtumba, nyekundu, nyepesi hata naipandisha ngazi kwa mkono mmoja, na muuzaji aliniapia kwamba ilikimbizwa mashindanoni Ulaya. Wiki ya kwanza nilifurahi mno. Wiki ya pili, kila nilipofika Kongowea nikielekea Daraja la Nyali, kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi, na nilipofika kazini nilikuwa nahangaika kufunga vifungo vya shati safi nililolibeba. Nilinunua glavu, kisha nikanunua kiti chenye jeli, na ganzi ikabaki pale pale. Mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo viwili hupita kiganjani upande wa kidole cha mwisho, nami nilikuwa nimeulalia kwa uzito wa kiwiliwili kizima, kwa sababu usukani ulikuwa chini mno na mbali mno. Mkono wangu ulikuwa mzima; fremu ndiyo iliyokuwa ya mtu mwingine.

Tuitazame basi fremu. Simama ubavuni mwa baiskeli, utafute katikati ya ekseli ya fremu inayozungushwa na mikono ya pedeli. Kutoka hapo pima kwenda juu, wima, mpaka usawa wa ncha ya juu ya bomba la mbele, lile linalopitisha shina la foki: hicho tukiite kimo. Kisha kutoka kwenye mstari huo wa wima pima kwa mlalo mpaka ncha ya bomba hilo: huo tuuite ufikio. Viwanda vingi huvichapisha vipimo hivi viwili, navyo vinasema kweli kuliko namba ya saizi iliyobandikwa kwenye bomba. Fremu ya mashindano ya saizi 56 huwa na kimo cha karibu milimita 565 na ufikio wa karibu 390, ilhali ile iliyoundwa kwa safari ndefu, kwa saizi hiyo hiyo, huwa na kimo cha karibu 595 na ufikio wa karibu 380. Sentimita tatu kwenda juu na moja kurudi nyuma hazionekani kitu dukani, lakini ndizo zinazoamua kama utafika Buxton ukiwa umeegemea viganja au umekalia makalio yako kama Mungu alivyokuumba uketi.

Urefu wa kiti ni jambo jepesi zaidi, na fundi yeyote mwangalifu atakusaidia. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila ya nyonga kuinama upande mmoja, hapo ndipo pa kuanzia, maana utakapokanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyopasa, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti chenyewe kitafutwe kwa upana wa mifupa miwili ya kukalia, ambayo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Kiti kinene laini humdanganya mnunuzi, kwa sababu mifupa huzama ndani yake na sponji ikapanda kubana nyama laini zilizo katikati.

Najua yupo atakayeniuliza kwa nini tusiichukue tu ile nyeusi ya zamani, Black Mamba, ambayo mtu huikalia wima kama yuko kitini kwake. Swali hilo lina haki yake, nami naiheshimu baiskeli iliyobeba makaa, mikate na madumu ya maji ya mji huu kwa miaka mingi. Kwa safari ya dakika kumi ndani ya kisiwa, kutoka Majengo hadi Mwembe Tayari, sina neno nayo. Tena kwa anayevaa kanzu au buibui, fremu ile iliyoinama katikati, yenye kifuniko cha cheni, ni bora kuliko yote nitakayoyasema leo, na sitaki mtu ajisikie duni kwa kuichagua. Ila kwa anayetoka mbali, upepo wa pwani una hesabu yake. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, maana yake hewa ikikupiga kwa kasi maradufu, upinzani huwa mara nne, na aliyekaa wima huupokea wote kifuani. Mtu wa Bamburi akija mjini huelekea kusini-magharibi. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, upepo humsukuma mgongoni asubuhi na kumngoja jioni anaporudi amechoka; ukibadilika ukawa kusi, huja ubavuni na usoni wakati wa kwenda, na juu ya Daraja la Nyali hakuna jengo wala mwembe wa kumkinga. Hapo ndipo usukani uliopinda unapoonyesha faida yake: mikono ina pa kushika juu, pa kushika kwenye vishikio vya breki, na pa kushika chini kabisa, hata mwendeshaji akainama dakika chache za daraja kisha akainuka tena. Kubadilisha mshiko huko ndiko kunakoviokoa vidole, mradi fremu iwe na kimo cha kutosha kumwezesha kuinama kwa hiari yake badala ya kulazimishwa njia nzima.

Sasa nije kwenye tairi, na hapa mniwie radhi nikikawia. Tairi ya upepo yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya starehe. John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyeishi Belfast, alimtengenezea mwanawe tairi zenye hewa kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu kwa sababu mipira migumu ya zama hizo ilikuwa ikimtikisa mtoto juu ya njia mbovu, naye akapata hataza mwaka 1888. Mwaka uliofuata Willie Hume aliziendesha tairi hizo mashindanoni huko Belfast, akawashinda waliokuwa juu ya mipira migumu. Kilichobuniwa kumpunguzia mtoto mtikiso kikaonekana kuwa na mbio zaidi, na sababu yake ni hii: kila gurudumu linaporuka juu ya kokoto, nguvu ya mwendeshaji hupotea katika kumrusha yeye na baiskeli juu, ilhali tairi yenye hewa ya kutosha hulimeza lile kokoto na kusonga mbele.

Tazameni basi njia zetu. Njia nyingi za kisiwa zimetandikwa kabro, na anayepita juu yake na tairi ya milimita 23 iliyojazwa hadi presha 100, kwa kipimo cha psi cha pampu, husikia kila mwanya baina ya tofali na tofali ukipanda kwenye meno. Pembezoni mwa barabara kuu kuna mchanga, kuna matuta, kuna kingo za lami zilizomegeka. Kaskazini mwa Ufaransa wapo wanaoshindana kila mwaka, Paris–Roubaix, juu ya njia za mawe, na mabingwa hao, ambao riziki yao ni mbio, siku hizi huvaa tairi za milimita 30 na zaidi. Mwenye riziki yake bandarini au benki ana sababu gani ya kupanda nyembamba kuliko wao? Tairi ya 32 hubeba hewa karibu mara mbili ya ile ya 23, hivyo mtu wa kilo 70 anaweza kuiendesha kwa presha ya karibu 60, ikawa laini bila ya rimu kugonga ukingo wa shimo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mji huu ni 32, na 35 kwa mzito au anayepita njia ya vumbi, na hilo hulipati isipokuwa foki na fremu zimeachiwa nafasi. Ukienda kununua, pitisha kidole cha shahada baina ya tairi na foki, kisha baina ya tairi na fremu kule nyuma. Kisipopenya, iache, hata ikipunguzwa bei kiasi gani, kwa sababu kiti hubadilishwa na usukani hubadilishwa, lakini nafasi hiyo haiongezwi na fundi yeyote.

Jambo moja la namba kabla sijaondoka hapo. Tairi za aina hii huandikwa ubavuni, kwa mfano, 32-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu. Ile ya Black Mamba huwa 635. Zote mbili wauzaji wengine huziita «28», na watu wamefika nyumbani na tairi isiyoingia. Soma namba ya pili. Pia tazama tyubu ina valvu gani, kwani ile nyembamba ya Presta haiingii kwenye pampu za wengi wa mafundi wa kando ya njia. Nunua kiunganishi chake, ukiweke ndani ya mkoba wa kiti.

Juu ya gia sina mengi, kwani mji wetu ni tambarare isipokuwa ukivuka Makupa ukapanda Changamwe. Breki za disk za waya zinanitosha, na fundi wa mtaani huzimudu. Matundu ya kufungia madigadi na keria yawepo, kwa sababu begi la mgongoni katika joto letu huifanya shati kuwa ya kukamuliwa. Mzigo na ubebwe na baiskeli.

Lililobaki ni chumvi. Nilishika juzi baiskeli ya jirani yangu anayekaa karibu na bahari, fremu ya chuma yenye mlingoti wa kiti wa aluminiamu. Pale mlingoti unapoingia kwenye bomba palikuwa na duara la unga mweupe, mwembamba kama wa ngano uliobaki kwenye ungo, na chini yake mlingoti ulikuwa umeshikana na bomba kama uliochomelewa. Metali mbili tofauti zikikutana na unyevu wa chumvi hulana, na alipotaka kukipandisha kiti sentimita mbili tu, hakikupanda. Tulihangaika nao tangu alasiri mpaka magharibi. Kwa hiyo dukani mwambie muuzaji aulegeze mlingoti mbele yako. Usiposogea, vipimo vyote nilivyovitaja havitakufaa. Na ukishaimiliki, kila mwezi uchomoe, uufute, uupake grisi, urudishe, na cheni uifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kuitia mafuta.

Ukiridhika na hayo, omba kuiendesha kabla ya kulipa, kwa nusu saa nzima, upite kabro na ukabiliane na upepo, maana ganzi yangu mimi ilikuwa haianzi kabla ya dakika ya ishirini. Baiskeli yangu ya sasa ipo hapo mlangoni, na futi ninayo mfukoni. Anayetaka kupimwa, asimame karibu nayo, tuanze kabla ya adhana.