Muulize anakunywa nini

Ahsante, mwenyekiti. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili: brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, tunaukosa kwa sababu hatumuulizi mgonjwa anakunywa nini. Nitalisema tena, kwa sababu mwezi uliopita nimempokea mgonjwa mwingine wa brusela.

Mzee mfugaji. Nilimwambia apande kitandani nimpime. Alilala ubavu kwanza, akavuta mguu mmoja, akapumzika, ndipo akavuta wa pili. Mwaka mzima kiuno kinamuuma. Homa inakuja jioni, alfajiri shuka limelowa jasho. Ametibiwa malaria mara tatu. Ametibiwa taifodi kwa majibu ya Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi. Mwishowe picha ikaonyesha pingili za kiunoni zimelika, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Akapata nafuu! Hapo ndipo panaponiuma, maana nafuu ile ndiyo iliyotufumba macho. Dawa za TB zina rifampisini, na rifampisini inaipiga brusela pia, ila peke yake haiimalizi. Miezi miwili, maumivu yakarudi.

Nikalifungua faili lake lote. Hakuna ukurasa alioulizwa anakunywa nini. Nikamuuliza, akanishangaa: "Maziwa, daktari. Ya mbuzi. Yanakamuliwa, yanaingia kibuyuni, tunakunywa." Na mbuzi wanatupa mimba? Wanne, msimu uliopita. Nani aliyatoa makondo? Yeye, kwa mikono mitupu.

Sasa najua kuna anayesema moyoni: babu zetu walikunywa maziwa mabichi wakaishi miaka tisini. Ndugu yangu, hata Malta, kisiwa cha Bahari ya Mediterania, walisema hivyo. Askari wa Kiingereza walikuwa wakiugua pale homa isiyoisha na viungo vinavyouma. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, akampata mdudu kwenye bandama za waliokufa. Lakini anatoka wapi? Miaka ikapita watu wakiulizana. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari mzaliwa wa Malta, akapima damu ya mbuzi. Mbuzi wazima, wanono, wanapitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mnunuzi. Wamebeba mdudu! Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa yale, na homa ikaporomoka kambini. Raia, ambao hawakukatazwa, wakaendelea kuugua. Mbuzi kuonekana mzima si ushahidi. Na babu aliyeinama hadi kaburini, nani alimpima tukajua ni uzee?

Mwingine ataniambia kibuyu kinafukizwa moshi. Moshi unatia harufu nzuri, mimi mwenyewe naipenda, lakini hauui brusela. Mgando wa maziwa mabichi nao msiuamini. Yachemsheni kwanza, kisha gandisheni mtakavyo.

Turudi kwenye picha. Kifua kikuu hupenda zaidi pingili za kifuani. Kinaila diski, ule mto ulio kati ya pingili, pingili zinaporomoka, mtu anapata kibyongo. Brusela hupenda kiunoni na pale mgongo unapoungana na nyonga. Pingili mara nyingi inabaki na umbo lake, ila kona ya juu, upande wa mbele, imeng'atwa. Lakini picha haitoshi, zinafanana mno. Ndiyo maana nawaambia muulize maziwa kabla hamjaandika karatasi ya picha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka, basi: ukipeleka damu ioteshwe vijidudu, iambie maabara kwamba unahofia brusela, kwa sababu huota taratibu na humwambukiza anayeishika bila kinga. Dawa ni mbili au tatu kwa pamoja, doksisaiklini ikiwemo. Wiki 6 ni za brusela ya kawaida. Ikishaingia uti wa mgongo, si chini ya wiki 12. Msimwachie mgonjwa aache kwa sababu homa imeshuka.

Nilitaka kusema mengi juu ya watoto wenye sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, haitawezekana. Neno moja tu: mtoto wa sikoseli mwenye mfupa unaouma mahali pamoja, umevimba, na homa haishuki, msimpe dawa ya maumivu mkamrudisha nyumbani. Bakteria wa salmonela hupenda mifupa ya watoto hawa. Chukua damu kabla ya antibiotiki.

Picha za yule mzee ziko pale mezani, kwa ruhusa yake, jina limefichwa. Pingili ya nne ya kiuno. Njooni muione ile kona.