Nimevuka bahari kuja kusukuma mkokoteni: hifadhi ninazozipenda Minnesota

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Sauti ikikatika mnivumilie, upepo wa huku hauna adabu. Hiyo mnayoiona nyuma yangu siyo bahari, ni ziwa. Ziwa Superior, na mimi niko upande wa jimbo la Minnesota, Marekani. Watu wangu wa Mwanza mnakumbuka tulivyokariri darasani: Victoria ni la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi. Basi la kwanza ndilo hili. Letu lina kilomita za mraba kama 69,000, hili kama 82,000. Kwenye kina tusiongee kabisa, letu linaishia mita 80 na ushee, hili linakwenda mita 406. Na baridi yake! Mwezi wa saba, jua linawaka, unatumbukiza mguu dakika moja tu unaanza kuhesabu vidole kama bado vipo vyote.

Mnaniuliza sana, dada, lini utatupeleka Yellowstone? Nimewasikia. Yellowstone ni hifadhi ya taifa ya kwanza Marekani, tangu 1872, na ni nzuri, simbishii mtu. Ila kwa mwaka inapokea watu zaidi ya milioni 4, wengi wao miezi ileile ya kiangazi, na unaweza kukaa kwenye foleni ya magari kisa nyati mmoja anavuka barabara kwa raha zake. Mimi moyo wangu uko kwenye hifadhi za jimbo. Hizi zinasimamiwa na serikali ya jimbo, ziko karibu na watu, bei zake zinabebeka, na nyingi zina bafu la maji ya moto. Wanaosema kambi halisi ni ile isiyo na bafu, Mungu awabariki.

Hapa Minnesota gari linalipiwa kibali cha siku, au cha mwaka mzima na unaingia hifadhi zote za jimbo. Kiwanja cha kuweka hema ni dola 20 na kitu kwa usiku, ukitaka umeme unaongeza. Hulazimishwi kuchukua mwongozo wala mpagazi, unakuja na hema lako mwenyewe. Vita iko kwenye kupata nafasi. Zinafunguliwa mtandaoni siku 120 kabla, na viwanja vya kando ya ziwa kwa wikiendi za kiangazi vinagombaniwa kwelikweli. Ukisubiri mwezi wa sita ndiyo uanze kutafuta ya mwezi wa saba, umechelewa.

Sasa ninayoipenda kuliko zote ni hii niliyopo leo, Split Rock Lighthouse. Kutoka mji wa Duluth ni kama saa moja kwa gari, unaifuata tu barabara ya 61. Ina sehemu ya kambi ambayo gari halifiki. Unaegesha, unachukua mkokoteni, ndiyo, mkokoteni, wa magurudumu mawili, unapakia hema, begi la kulalia, sufuria, unga, dumu la maji, halafu unasukuma kwenye njia katikati ya miti mpaka kiwanjani kwako. Mama alipoona picha akanipigia: "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukasukume mkokoteni na kulala chini, tena kwa kulipia?" Ndiyo, mama. Na gurudumu la kushoto lilikuwa linalia njia nzima.

Ngoja niwageuzie kamera. Hii pete ya chuma iliyochimbiwa chini ndiyo jiko, huu wavu unapinduliwa, unauweka juu ya moto sufuria ikae. Ugali unaiva vizuri tu, ila uwe na mwiko mrefu, la sivyo mkono utababuka. Na huyu hapa ni samaki wa moshi, nimemnunua njiani, ukanda huu wanawauza. Siyo sato, tusidanganyane. Lakini ukimchambua miiba, ukamtia nyanya, kitunguu na pilipili kidogo, mtaelewana.

Kuni usibebe kutoka nyumbani. Kuna mdudu mmoja wa kijani aliyeingia nchi hii kutoka Asia, funza wake wanakula chini ya gome mpaka mti unakufa, na anasafiri kwenye kuni za watu kama sisi. Kwa hiyo unanunua palepale hifadhini au kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Na ikifika saa nne usiku, kimya mpaka saa mbili asubuhi. Spika yako ya bongo fleva iache kwenye gari.

Ule mnara juu ya jabali ndio uliolipa eneo hili jina. Novemba 1905 dhoruba iliharibu na kuzamisha meli nyingi humu ziwani, ndipo serikali ikajenga mnara wa kuongozea meli, ukaanza kazi mwaka 1910 na kuzimwa 1969. Siku hizi wanauwasha kila Novemba 10, siku ambayo mwaka 1975 meli ya Edmund Fitzgerald ilizama na watu wote 29 waliokuwemo. Wanasoma majina yao, kengele inagongwa, kisha taa inawashwa. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kuelezewa. Tuna Mei 21, 1996, tuna MV Bukoba iliyozama ziwani kwetu, tuna makaburi ya Igoma.

Ukiendelea na barabara hiyohiyo kaskazini unafika hifadhi ya Tettegouche, hapo ni kwa wenye magoti mazima: ngazi, mizizi, majabali meusi ya volkano ya zamani sana, na maporomoko ya mto Baptism ya mita kama 18. Voyageurs, hiyo ni hifadhi ya taifa, ya mwaka 1975, kiingilio bure, lakini viwanja vyake vya kambi karibu vyote unafika kwa boti. Mimi sina boti. Tusonge.

Itasca ndiyo nitawapeleka wazazi wakija. Ni hifadhi ya jimbo kongwe kuliko zote hapa, ya 1891, na ndipo Mto Mississippi unapoanzia. Unavua viatu, unakanyaga mawe, hatua chache umeuvuka, mto huohuo unaoishia Ghuba ya Meksiko zaidi ya kilomita 3,700 kutoka hapo. Vitabu vinasema mpelelezi Mmarekani, Henry Schoolcraft, alikigundua chanzo hicho mwaka 1832. Aliyemfikisha pale ni Ozawindib, kiongozi wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, ambaye alikuwa akiijua njia. Mnaona hadithi inavyofanana na ile ya Speke, yule mpelelezi Mwingereza, kuliona ziwa letu mwaka 1858? Naye Sidi Mubarak Bombay, mwongozaji wake Mwafrika, alikuwa msafarani.

Ila shujaa wangu wa Itasca ni Mary Gibbs. Mwaka 1903 baba yake, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi, alifariki, binti akapewa kazi akiwa na miaka 24. Wakata magogo walikuwa wameziba maji kwa bwawa ili wasafirishe mbao, ziwa likapanda na kuzamisha miti ya kando. Akaenda kuwaambia wafungue. Wakamtishia kwa bunduki. Hakurudi nyuma. Misonobari mikubwa mnayoiona kwenye picha zangu, mjue kuna waliosimama mbele ya mtutu kwa ajili yake.

Shangazi anauliza kuhusu wanyama. Simba hakuna, shangazi, kuna dubu weusi, na anachotafuta dubu ni chakula. Kila chenye harufu, hata dawa ya meno, kinalala kwenye gari lililofungwa. Ndani ya hema uwe wewe na blanketi tu. Mimi ninayemwogopa zaidi ni kupe, maana anaambukiza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme. Suruali ndefu, uichomekee kwenye soksi, ukirudi jikague mpaka nyuma ya magoti.

Nakuja likizo Desemba na hema hili hili. Mlioko Mwanza, niandikieni hapo chini: boti ya kwenda Kisiwa cha Saanane siku hizi ni shilingi ngapi, na wanaruhusu mtu kulala?