Phantom yafungwa Broadway: mashabiki wamelia, na mimi nina la kusema

Jamani, hamjambo huko nyumbani? Karibuni tena. Leo nipo mtaa wa 44, Manhattan, na jengo mnaloliona nyuma yangu ndilo Majestic Theatre. Wiki hii mmenijaza meseji: hivi kweli watu wazima wanalia kwa sababu mchezo wa jukwaani, The Phantom of the Opera, umefungwa hapa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho New York?

Wanalia, tena kwa kwikwi. Jumapili, tarehe 16 Aprili 2023, siku ya onyesho la mwisho, nilikuja hapahapa bila tiketi, nikasimama tu ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, kavaa joho jeusi mpaka chini na barakoa nyeupe ya nusu uso (si zile za korona, tulieni), kapanga foleni apigwe picha mlangoni. Mlangoni tu, ndani haingii! Machozi yanamtoka, na kwa vile barakoa imemziba jicho moja, ikabidi apenyeze kitambaa kwa chini ajifute.

Kwa msioijua: The Phantom of the Opera, mchezo wa nyimbo kuhusu Phantom, mtu wa barakoa anayejificha chini ya jumba la opera, ilifunguliwa hapa Januari 26, 1988, ikaganda. Miaka 35, maonyesho 13,981. Hakuna mchezo mwingine uliowahi kudumu hivyo Broadway. Wapo walioletwa na wazazi wao, baadaye nao wakaleta watoto wao.

Na nilipoiona kabla haijafungwa nikawaelewa. Ile taa ya vioo, dude la tani moja, mwanzoni iko chini jukwaani, imefunikwa, inanadiwa mnadani kama kochi la marehemu. Mara kinanda kinanguruma, kitambaa kinafunuliwa, taa inawaka, halafu inaanza kupaa juu ya vichwa vya watu. Mimi nilikaa kule juu kabisa kwa akina sisi. Ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa usawa wa macho yangu, na nikajikuta nimekamata kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mzee aliyekaa hapo akageuka, akacheka. Nadhani alishazoea.

Haya, sasa jambo langu. Septemba 2022 wenye onyesho walitangaza kwamba Februari 18 wanafunga. Sababu haikuwa siri. Kuliendesha kulikuwa kunakula karibu dola 950,000 kwa wiki. Okestra peke yake, yaani kundi la wapiga ala, ilikuwa na watu 27, kubwa kuliko zote Broadway, bado waigizaji, mavazi, mafundi. Na tangu kumbi zifunguliwe tena baada ya korona, watalii hawakurudi kama zamani, wakati Phantom ilikuwa inaishi kwa watalii. Wiki ambazo mauzo hayakufikia hata hiyo gharama zilikuwepo.

Tangazo likatoka. Weee! Watu wakazivamia tiketi. Ikabidi waongeze wiki nane, ndiyo tukafika Aprili, na mwishoni mauzo ya wiki moja yakavuka dola milioni 3. Kwa hiyo hela zilikuwepo mifukoni mwa watu muda wote!

Ndiyo maana mashabiki walipokuwa wanamlaani prodyuza Cameron Mackintosh pale nje, nikawa nawauliza: mara ya mwisho kabla ya tangazo ulinunua tiketi lini? Kijana mmoja akaangalia viatu vyake. Mwingine akanijibu bila kona: hakuona haraka ya nini, Phantom si ipo tu. Alikuwa anapita mbele ya mlango huu kila siku akienda kazini.

Nisiwaonee wote, lakini. Kuna wale wakereketwa waliokuwa wanarudi kila mara, wanamjua kila mwigizaji wa akiba, na wakikosa onyesho moja wanaugua. Wale hawana deni. Ila ukumbi huu una viti zaidi ya 1,600, na onyesho lilikuwa mara nane kwa wiki. Wakereketwa peke yao wasingeujaza.

Kinachoniuma mimi zaidi ni kingine, na hiki sikukisikia sana midomoni mwa watu. Emilie Kouatchou, binti mwenye asili ya Kameruni, ndiye mweusi wa kwanza kumwigiza Christine, yule mwimbaji anayependwa na Phantom, hapa Broadway. Unajua aliingia lini? 2021. Tangu 1988 mpaka 2021, jamani! Na Norm Lewis, mweusi wa kwanza kumwigiza Phantom mwenyewe hapa, tulimpata 2014. Jumapili ile ya mwisho aliyesimama jukwaani kufunga ukurasa alikuwa Emilie. Wazungu wanalilia miaka yao 35. Sisi tulikuwa tumeonjeshwa mwaka na nusu tu.

Halafu wale wapiga ala. Baadhi yao walikuwa kwenye lile shimo la okestra tangu siku ya kwanza, wamezeekea humo. Shabiki akimaliza kulia, Jumatatu anaamkia kazini kwake. Mpiga fidla, kazi yenyewe ndiyo imefungwa. Na kazi ya kupiga muziki usiku kwa usiku, mwaka hadi mwaka, na mshahara unaingia, mjini hapa huiokoti barabarani.

Siku ile ya mwisho mtunzi Andrew Lloyd Webber alilitoa onyesho kwa mwanawe Nick, aliyefariki Machi kwa saratani ya tumbo. Sarah Brightman, Christine wa mwanzo kabisa, naye alipanda jukwaani akazungumza. Hayo mimi nimeyaona kwenye simu kama ninyi.

Kuna aliyeniuliza kama ndiyo imekwisha duniani kote. Hapana. London ipo, tangu Oktoba 1986, ukitoa kipindi kile cha korona. Ukiwatajia hiyo mashabiki wa hapa wanabinua midomo, kwamba kule walipofungua tena 2021 okestra ilikatwa kutoka watu 27 mpaka 14. Mimi ya London sijaiona. Mwenye ndugu kule amtume, kisha aniambie kama watu 14 wanatosha kuipandisha ile taa.