Waya Kwanza, Udukuzi Baadaye

Walimu, wazazi, na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma, salaam aleikum na hamjambo. Mada niliyopewa ni kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kwa kazi za usalama wa mitandao. Habari za umuhimu wa teknolojia naziruka. Kila aliye humu ndani ana simu, na wengi wenu mmeshapigiwa na mtu anayedai amewatumia pesa kwa makosa.

Nianze na lile ambalo sichoki kulisema: tunawafundisha vijana kuanzia mwisho. Kijana wa kidato cha pili anapewa fleshi yenye Kali Linux, mfumo wa kompyuta uliojaa zana za udukuzi, anafundishwa amri nne tano za kushambulia, na wiki ya pili anajiita mdukuzi. Ukimwuliza anwani ya kompyuta 192.168.10.5/24 imo kwenye mtandao upi, hajui. Amri aliyoiandika imetuma nini kwenye waya? Hajui pia. Hapo hatujamwandaa kwa kazi yoyote. Aanze na mashine na waya, aje kwenye kumbukumbu za mfumo (logi, yaani rekodi za yaliyotendeka kwenye mashine), apite kwenye ulinzi, na mashambulizi yawe ya mwisho kabisa.

Najua mwalimu mmoja hapa anasema moyoni, shule yetu haina intaneti ya maana. Basi una bahati, kwa sababu maabara ninayoitaka haitakiwi kuunganishwa na intaneti. Tafuteni kompyuta nne za mtumba zenye RAM ya GB 4, swichi moja ya mtandao yenye milango minane, kebo ya mtandao ya Cat 5e, na plagi zake za RJ45 pamoja na koleo la kukrimpu, yaani kuzibana kwenye kebo. Wekeni Debian, mfumo endeshi wa bure, kwenye mashine zote, pakueni Wireshark (ya kunasa na kusoma pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni) na vsftpd (ya seva ya FTP) mkiwa bado mna mtandao, kisha chomoeni waya wa nje, usirudishwe.

Wanafunzi wakrimpu kebo zao wenyewe. Rangi zaenda hivi: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kosa la kila darasa ni kuziweka kijani mbili pamoja, ilhali jozi hiyo hukaa nafasi ya tatu na ya sita. Kosa la pili ni kuzisokotoa nyaya kwa urefu mno. Zisipite milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya plagi, la sivyo kebo hung'oka ikivutwa kidogo. Liko na kosa la tatu, na hili ndilo ninalolipenda kwa kufundishia. Kasi ya megabiti 100 hutumia nyaya nne tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Kwa hiyo kebo yenye waya wa kahawia uliokatika yaweza kuitika ping, ile amri ya kupima kama mashine mbili zinafikiana, vizuri, na mwanafunzi akaridhika. Mwambie aangalie kasi waliyokubaliana kadi za mtandao za mashine hizo mbili. Akiona 100 badala ya 1000, ametambua kwamba kitu kinaweza kufanya kazi na bado kikawa kibovu. Mlinzi wa mitandao huishi kwa kutambua hilo.

Sasa mashine moja iwe seva ya FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili. Mwanafunzi wa kwanza aingie kwa jina na nenosiri la kubuni, na wa pili awashe Wireshark kwenye mashine yake. Hataona kitu cha mwenzake. Darasa zima litasema programu imeharibika. Msikimbilie kuwajibu! Waacheni wahangaike nalo hadi wagundue kwamba swichi hujifunza kila kadi iko mlango gani, na haimpelekei jirani pakiti zisizo zake. Kisha wahamie kwenye seva yenyewe, waandike ftp kwenye kichujio, na hapo watalisoma nenosiri la mwenzao baada ya neno PASS, herufi kwa herufi. Halafu warudie zoezi lile lile kwa SFTP, njia inayosimba data, wajionee kwamba hakuna kinachosomeka. Mtoto aliyeyaona hayo mawili kwa macho yake hahitaji bango la kumwambia kwa nini mawasiliano husimbwa.

Angalizo: Wireshark ikifunguka bila kuonyesha kadi yoyote ya mtandao, mara nyingi mtumiaji hajaingizwa kwenye kundi la wireshark. Mwingizeni, atoke, aingie upya.

Zoezi la kumbukumbu za mfumo lafuata. Mwanafunzi mmoja ajaribu kuingia kwenye mashine nyingine kwa SSH, njia salama ya kuiamuru kompyuta ukiwa mbali, na kukosea nenosiri makusudi. Mwenzake, bila kuambiwa lolote, atafute ni anwani ipi, akaunti ipi, saa ngapi. Vitabu vingi vitawaelekeza kwenye auth.log, faili la rekodi za kuingia, na tangu Debian 12 hamtalikuta faili hilo msipoweka rsyslog, programu inayoliandika. Tumieni amri journalctl -u ssh. Na kabla ya yote, tazameni saa za mashine. Kompyuta kuukuu mara nyingi betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, na kila stima inapopotea tarehe hurudi nyuma miaka. Mashine nne zenye saa nne tofauti haziwezi kutoa ushahidi mmoja. Badilisheni betri, na mkifungua mashine futeni migusano ya RAM, maana hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa haichelewi kuila.

Mzazi atauliza: hayo ya kukrimpu na kusoma kumbukumbu ndiyo kazi? Kazi ya kupigana na wadukuzi iko wapi? Ndugu zangu, sisi tunaishi na bandari, kwa hiyo nitawajibu kwa meli. Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilianzia kwenye programu ya uhasibu huko Ukraine, ikaifikia kampuni ya meli ya Maersk, na vituo vyake vya makontena sehemu mbalimbali za dunia vikasimama. Walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kama kumi. Nakala ya orodha ya watumiaji na mashine zote, ile ambayo mtandao mzima uliitegemea, ilisalimika Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na mashine haikuwa hewani. Walioiokoa kampuni walikuwa watu wa kuweka mifumo, kurejesha nakala na kuunganisha waya, usiku na mchana. Benki, hospitali na maghala ya Mombasa yanawataka watu wa namna hiyo kila siku, hata siku ambayo hakuna shambulio.

Mengine nayapitia mbio, naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Sheria. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 14: kuvunja kinga ya mfumo ili uingie bila idhini ni faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. "Nilikuwa najaribu tu" si idhini. Kila mwanafunzi aonyeshwe kifungu hicho kabla hajagusa kibodi, na kila zoezi liwe na ruhusa iliyoandikwa: mashine zipi, siku gani, mwalimu nani.

Mazoezi ya nyumbani: picoCTF, mashindano ya mtandaoni ya usalama wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ni ya bure na ilitungwa kwa wanafunzi wa umri huu. Bandit, mchezo wa mafumbo wa tovuti ya OverTheWire, hutumia SSH pekee, mlango (port) 2220, ni maandishi matupu, kwa hiyo haili bando.

Hesabu msiiache, na uandishi wa ripoti pia. Anayegundua tatizo asiweze kulieleza kwa ukurasa mmoja, mwajiri hatamwelewa. Wasichana wapewe koleo mkononi, wasiachiwe kuandika kumbukumbu za kikao.

Na walimu wakuu mlio hapa, nina ombi moja. Maabara nyingi hufungwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Zifungulieni Jumamosi asubuhi, kwa saa tatu, na mwalimu mmoja awepo. Saa tatu zatosha kuweka Debian kwenye mashine nne na kukrimpu kebo za kuziunganisha.