Hajazaa, ndiyo apigwe?

ASHA: Mbukwenyi, wasikilizaji wetu wa Dodoma na popote mlipo. Mimi ni Asha, niko na kaka Yohana. Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tumelisikia kupitia ukuta wa jirani. Mwanamke anapigwa, ukiuliza kuna nini unajibiwa kwa sauti ya chini: "Si unajua hajazaa."

YOHANA: Na anayekujibu anaona ameshamaliza. Huulizi tena.

ASHA: Hapo ndipo panaponiuma. Mume akimpiga mkewe kwa ulevi, mtaa mzima unamlaani. Akimpiga kwa sababu hawana mtoto, watu wanamwonea huruma mume! "Jamaa kavumilia sana."

YOHANA: Hilo la kuvumilia nimelisikia vijiweni mara nyingi, dada Asha, na walionena hawakuwa watu wabaya. Ni watu wanaosali, wanaosomesha watoto. Ndiyo maana nilitaka tulizungumze.

ASHA: Tuwape picha kwanza. Mwaka 2022 jarida la afya la The Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Kati ya wanawake wenye shida ya kupata mimba, asilimia 36 hivi walikuwa wamefanyiwa ukatili na waume au wenza wao ndani ya mwaka mmoja. Ukihesabu maisha yao yote, inafika asilimia 47. Karibu nusu, kaka.

YOHANA: Na si ngumi peke yake.

ASHA: Hata kidogo. Kuna matusi: "Unajaza choo tu." Kuna kunyimwa hela ya matumizi, kwamba nikulishe wa nini. Kuna kufungiwa nje usiku. Kuna kulazimishwa kunywa dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni, hajui hata zimechanganywa na nini. Na kuna hili ambalo wanawake wengi hawalisemi: kulazimishwa kitandani kwa sababu mume au mama mkwe kahesabu siku, "leo ndiyo siku yenyewe." Anaumwa, analia, haijalishi.

YOHANA: Acha niseme shinikizo linakotoka, kwa sisi Wagogo. Ng'ombe wa mahari hawatoki kwa bwana harusi peke yake. Baba anatoa, wajomba wanachangia, ndugu wanachangia. Na upande wa binti wanagawana vilevile. Ndoa ni ya koo mbili, na mimi naupenda huo utaratibu, unawafunga watu pamoja. Lakini mtoto asipokuja, tumbo la yule binti linakuwa na wadai wengi. Kila aliyetoa ndama anaona ana haki ya kuuliza.

ASHA: Na mume anaulizwa kila akienda kijijini.

YOHANA: Kila akienda. Kwenye msiba anaulizwa, wakati wa mavuno anaulizwa. Anarudi nyumbani amebeba maneno ya watu, hajui pa kuyatua, anayatua kwa mkewe. Sisemi hivi kumtetea. Nasema ndugu waliomuuliza wana sehemu yao kwenye kile kipigo, hata kama walikuwa Mpwapwa na kipigo kilitokea Nkuhungu.

ASHA: Kwetu Kondoa wataanza kumwambia, "Ongeza mke." Anaambiwa mbele ya mke aliyepo, akiwa anawapakulia chakula. Mimi hilo naliita ukatili, hata kama hakuna mkono ulioinuliwa.

YOHANA: Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa wanaume tunakimbia. Shirika la Afya Duniani linasema ni ugumba pale wawili wamekutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba haijaingia. Ripoti yao ya mwaka 2023 inasema mtu mmoja kati ya sita hupitia hali hiyo wakati fulani maishani. Na katika ndoa nyingi zenye shida hiyo, tatizo liko kwa mwanaume, au liko kwa wote wawili.

ASHA: Kipimo cha mwanaume ndicho rahisi kuliko vyote.

YOHANA: Rahisi mno! Unakaa siku mbili mpaka saba bila kukutana na mke, unatoa mbegu, maabara wanazihesabu na kuangalia zinavyokwenda na umbo lake. Mwanamke anapitia mengi zaidi, ya homoni, ya kizazi, ya kuangalia kama mirija imeziba. Lakini nenda kliniki yoyote uone nani amekaa kwenye benchi. Ni mama peke yake, miaka mitatu, minne. Baba yuko kazini. Ukimuuliza anasema, "Mimi nina mtoto Morogoro." Mtoto wa miaka kumi iliyopita! Katikati hapo anaweza kuwa amepata kisonono hakikutibiwa vizuri, mishipa ya korodani imevimba, chochote.

ASHA: Kaka Yohana, hapo nikusimamishe. Nakubaliana nawe kuhusu kupima. Ila kila tukizungumzia jambo hili tunakimbilia hapo: wanaume pimeni, huenda ni ninyi. Haya, wamepima. Majibu yakaonyesha ni mke, mirija yote miwili imeziba. Je, sasa apigwe?

YOHANA: Hapana.

ASHA: Najua wewe utasema hapana. Ila ile hoja yetu inaacha mlango wazi. Inasikika kana kwamba kosa la mume ni kumpiga asiyehusika. Mimi namtetea hata yule ambaye daktari kamwambia hatazaa kamwe. Huyo ndiye aliyebaki bila mtetezi kabisa, kwa sababu hata wanaomhurumia wanaamini kuna jambo kakosea.

YOHANA: Nimekuelewa. Na mara nyingi mirija imeziba kwa maambukizi ya zinaa ambayo hayakutibiwa, au maambukizi baada ya mimba kuharibika. Hakuchagua.

ASHA: Na hata angechagua, kaka. Hata angesema mimi sitaki kuzaa. Mnaachana, mnapelekana kwenye baraza. Hampigani.

YOHANA: Sawa. Kuna ujumbe wa sauti tulitumiwa, msikilizaji ameturuhusu tuusimulie bila jina wala kijiji. Unaingia hapohapo. Yeye na mume walipima wote. Yeye hana tatizo, mume mbegu ni chache sana. Walivyokuwa wanarudi, mume hakusema neno. Usiku ule ndiyo alimpiga kwa mara ya kwanza, miaka mitano ya ndoa. Akamwambia, "Ukimwambia mama yangu, nitakuua." Mpaka leo mawifi wanamwita mgumba, yeye ananyamaza.

ASHA: Anabeba lawama ya mume, na kipigo cha kuhakikisha anaendelea kuibeba.

YOHANA: Niliusikiliza tena na tena. Mimi nilikuwa naamini majibu ya daktari yanatuliza nyumba. Kumbe kuna nyumba majibu ndiyo yanaiwasha. Nawaomba wauguzi na madaktari wanaotusikiliza: mkimpa mwanaume majibu ya namna hiyo, msimwachie karatasi mkononi aende. Kaeni naye. Na mke mtafutieni dakika chache za faragha, mumuulize kama nyumbani kuna usalama.

ASHA: Dada aliyetutumia ujumbe alikuwa na swali: "Nikiondoka nitaambulia nini, na sina mtoto?" Tumjibu taratibu, maana wapo wengi wanaouliza hivyo kimoyomoyo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Haikuongeza "isipokuwa hajazaa." Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Ukatili umo. Kukosa mtoto hakumo kwenye orodha hiyo.

YOHANA: Na mali?

ASHA: Kifungu cha 114. Mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja katika kupata mali waliyochuma pamoja. Haigawi kwa kuhesabu watoto. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Ulipika, ulilima, ulisimamia mafundi wakati nyumba inajengwa: ni mchango. Dada, tunza stakabadhi. Daftari la vikoba, risiti ya mabati, vitunze mahali salama, ikiwezekana nje ya nyumba hiyo.

YOHANA: Na wale wanaotishiwa "naoa mwingine"?

ASHA: Kama ndoa yenu ni ya kanisani, ni ya mke mmoja. Hawezi kufunga nyingine kihalali wakati ya kwanza ipo. Kwa ndoa ya Kiislamu ni tofauti, anaweza kuongeza, lakini kuongeza mke hakumpi ruhusa ya kumpiga wa kwanza wala kuacha kumtunza.

YOHANA: Kuna sehemu sheria inatuangusha, tuiseme.

ASHA: Tuiseme. Lile la kulazimishwa kitandani. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inahesabu kuwa ni ubakaji mume akimlazimisha mke waliyetengana. Mke anayeishi naye, hapana. Mimi nataka ibadilishwe, na nitalisema kila nikipata kipaza sauti. Lakini ukiumizwa kwa kipigo wakati wa kulazimishwa, hilo la kupigwa unaweza kulishtaki.

YOHANA: Pa kuanzia ni polisi, dawati la jinsia na watoto. Unapewa PF3, ile fomu ya polisi, unakwenda nayo hospitali, majeraha yanaandikwa. Kama unaogopa polisi, anza na afisa ustawi wa jamii. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, unamkuta daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja.

ASHA: Usikubali kuambiwa na mjumbe kwamba rudini mkayamalize nyumbani. Kesi ya jeraha haimalizwi kwa soda na samahani.

YOHANA: Wiki ijayo tunaendelea na hili, na tunataka sauti za wanaume. Wewe uliyepima na majibu hayakukupendeza, tueleze ulimwambiaje mama yako. Jina lako hatutalitaja.

ASHA: Na mama wakwe. Najua mpo mnaosikiliza mkiwa jikoni. Kama uliwahi kumkataza mwanao kumpiga mkewe, tueleze ulimwambia nini, wenzako wapate cha kusema.